Maji Yaliyopita Wikioni

Nyinyi mnaosomea kompyuta mnapenda sana kukata. Mjukuu wangu Nasra alikuja likizo kutoka chuoni na karatasi iliyojaa nukta na mistari, kama mtu aliyemwaga bizari juu ya uzi, akaniambia, "Bibi, kazi yetu ni kuugawa mtandao huu vipande viwili kwa kukata mistari michache iwezekanavyo." Nikamwambia, mwanangu, kazi hiyo niliifanya mimi kabla mamako hajazaliwa, na mtandao wangu mimi ulikuwa ukivuja. Akacheka. Kisha akaona mimi sicheki, akaketi.

Basi ameniomba niwaandikie, yeye na wenzake darasani. Nawaandikia, lakini nawaonya mapema kwamba sitawafundisha hesabu, maana hesabu mnayo tele. Nitawaeleza habari za koki na paipu, na za fundi mmoja aliyeitwa Athmani. Alikuwa hodari kuliko wote niliopata kufanya kazi nao.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru ungali mbichi. Niliajiriwa ofisi ya maji kuwa mchoraji wa ramani, mwanamke peke yangu kati ya wanaume. Baba alipoulizwa msikitini kama ni kweli bintiye yuwafanya kazi na mafundi wa mifereji, alijibu, "Yeye ashika kalamu, hashiki koleo," na maneno yakaisha. Nilikuja kazini na buibui langu, nikalitundika msumarini, nikainama mezani hadi adhuhuri. Tulichora kwa wino juu ya kitambaa kigumu kinachopitisha mwanga. Ukikosea, hufuti. Wachukua wembe, wakwangua ule wino polepole, kisha wapasugua mahali pale kwa ukucha ili wino mpya usitambae. Mtu mwenye haraka hutoboa ramani. Nilizitoboa mbili tatu kabla sijatulia.

Kwenye ramani hiyo paipu za barabarani zilikuwa mistari, na koki zilikuwa alama ndogo juu ya mistari. Koki, kwa asiyejua, ni kile chuma cha kufungia maji, kilichofukiwa chini ya kifuniko njiani, nanyi mwakikanyaga kila siku. Nyumba nazo nilizichora kila moja kwa kijumba chake. Kanuni ya ofisi ilikuwa nyepesi: mlango mmoja wa nje, nyumba moja. Ramani ilikwenda hadi mlangoni, ikasimama hapo. Ndani ya nyumba za watu hatuingii. Mji wa Kale mwaujua; mwanamume hapiti ukumbini bila hodi tatu na kikohozi, na uani hapiti kabisa.

Fundi Athmani alikuwa mkuu wa wafunga koki. Alikuwa mrefu, mkimya, na kofia yake ya kutarizi haikuwahi kupata doa hata siku za kuchimba. Koki alizifunga kwa chuma kirefu chenye mkono juu, wenyewe wakikiita ufunguo, na kila kijana mpya alimfundisha maneno yaleyale: "Koki haifungwi kwa hasira. Ifunge kama unavyofunga mlango wa chumba alimolala mtoto." Si adabu tu hiyo. Maji yanayokimbia ukiyazuia ghafla hupiga kishindo ndani ya paipu, na paipu nzee hupasuka pengine kabisa, mbali na uliposimama. Nimewaona vijana wenye nguvu zao wakifunga koki moja na kufungua mashimo mawili.

Akishafunga, alisimamisha ufunguo juu ya koki, akaegemeza sikio kwenye chuma, akafumba macho. Maji yanayopenya hata uzi tu alikuwa akiyasikia. Alipokuwa akisikiliza hivyo hakuna aliyethubutu kupiga chafya.

Yeye na mkewe, Mwana Hidaya, walikaa nyuma ya Ndia Kuu, kwenye kichochoro chembamba ambapo watu wawili wakikutana mmoja huegemea ukuta. Binti yao wa pekee, Fatuma, aliolewa nyumba ya mkabala, ng'ambo ya kichochoro. Nyumba hizo mbili ziliunganishwa kwa juu na wikio, ile njia ya darajani inayovuka toka ghorofa hadi ghorofa ili wanawake wa ukoo mmoja wapite bila kutoka nje. Mawikio siku hizo yalikuwa yamekwisha kuwa machache, na Athmani alijivunia lake kama mtu ajivuniaye meno yake uzeeni. Nilipomwonyesha karatasi ya mtaa wake kwa mara ya kwanza, aliitazama akasonya.

"Mbona umechora mbili, mwanangu?"

"Milango ni miwili, Fundi."

"Nyumba ni moja ile. Imevuka ndia tu."

Nikacheka, naye akacheka, na nikaziacha mbili, maana kanuni ni kanuni. Tangu hapo ikawa mzaha wetu. Kila nikipita mezani na karatasi hiyo huniambia, "Bado hujaisahihisha?"

Mhandisi wetu alikuwa Bwana Karim, kijana wa Kihindi, Mwislamu, ambaye babake alikuwa na duka la vitambaa karibu na Marikiti. Alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo na Kiswahili chake kikiwa kilekile cha barazani, na hilo lilimpa heshima kwa Athmani zaidi ya shahada. Hao wawili walipendana kwa namna yao, yaani walibishana kutwa.

Mwaka mmoja maji yalipungua, tukaagizwa tuugawe Mji wa Kale nusu mbili, moja ipate maji asubuhi, nyingine alasiri. Nusu zenyewe zilitakiwa zikaribiane kwa wingi wa watu, na paipu zinazovuka mpaka ziwe chache, kwa sababu kila paipu inayovuka ni koki ya kufungwa na kufunguliwa kila siku, na koki zetu nyingi zilikuwa nzito kwa kutu. Tulitandaza ramani mezani. Vichochoro vya nusu moja tuliviwekea kokwa za ukwaju, vya nusu nyingine punje za buni. Kisha tukaanza kubadilishana: toa kokwa hapa, weka buni, na kule toa buni, weka kokwa. Lazima kwa jozi, ama nusu moja italemewa. Kila tukibadilisha, mimi nahesabu paipu zinazovuka mpaka.

Tulipunguza, tukapunguza, hadi tukafika pahali kila jozi tuliyoijaribu ilizidisha badala ya kupunguza. Athmani akanyoosha mgongo. "Basi, tumefika."

"Bado," akasema Bwana Karim. "Tufanye moja mbaya makusudi, tuone mbele kuna nini."

"Mbaya makusudi? Ndiyo waliyokusomesha?"

Tukaifanya ile mbaya. Ikafuata mbaya nyingine. Athmani alikuwa tayari amekwisha kuvaa viatu. Ya tatu ikaishusha hesabu chini sana, chini kuliko tulivyokuwa tumefika mwanzo. Athmani alivua viatu tena, akavuta kiti, akasema ni kama gari lililokwama mchangani, kwanza hurudishwa nyuma. Bwana Karim aliweka masharti mawili, nayo yashikeni: kichochoro kilichokwisha kuhamishwa kisihamishwe tena hadi duru iishe, la sivyo mtazunguka hadi Ijumaa, na kila hatua iandikwe, ili mkiishia pabaya mrudi pale palipokuwa bora. Nasra asema hata leo wapo wanaofanya vivyo hivyo, ila kompyuta haili ukwaju. Sisi tuliula. Kichochoro kimoja kilikosa maji asubuhi nzima kwa sababu kokwa yake ilianguka chini ya meza, na wenyewe walipokuja kulalamika Bwana Karim aliwapokea kwa chai na uso wa mtu anayesikia habari hiyo kwa mara ya kwanza.

Jambo la pili alilotufundisha ndilo lililotutia kwenye habari hii ninayoizunguka.

Zamani, paipu ikiharibika, tulifunga kila koki iliyo karibu. Ndivyo ilivyofanywa na waliotutangulia. Siku moja ya Ijumaa tulifunga hivyo, tukaacha msikiti mzima bila maji ya kutawadhia, na paipu iliyovunjika bado ikimwaga, kwa kuwa maji yalizunguka nyuma kwa njia tuliyoisahau. Siku hiyo Athmani alirudi ofisini amelowa hadi magotini. Bwana Karim hakumlaumu. Alichukua penseli ya rangi, akaanza palipovunjika, akapaka kila paipu ambayo maji yangeweza kuifikia, koki hadi koki.

"Tafuta ndia za maji zisizochangia hata koki moja," akasema. "Zikiwa tatu, usijidanganye kuwa utazikata kwa koki mbili. Na ukipata koki tatu zinazozikata zote, acha kutafuta. Hapana pungufu ya hapo."

Athmani akainamia ramani. "Yaani wajua umemaliza?"

"Ndiyo. Wajua umemaliza."

Fundi aliyefunga koki maisha yake yote kwa kukisia, kuambiwa kwamba kuna namna ya kujua umemaliza! Niliuona uso wake. Ulikuwa uso wa mtu aliyetuliwa mzigo. Tangu siku hiyo alitaka kila kazi ianzie kwenye meza yangu.

Kisha likaja tumbo la kuhara.

Lilianza mtaa wa upande wa bahari, nyumba baada ya nyumba, watoto kwanza. Daktari alisema ni maji. Tulichimba tukakuta paipu ya chuma imepata ufa kando ya shimo la choo, na kila maji yalipopungua nguvu, paipu ilifyonza uchafu. Tungefunga maji ya Mji wa Kale wote, mambo yangeisha, lakini paipu tupu hufyonza zaidi, na huko kwingine kulikuwa na ufa ambao hatuujui. Ilibidi kipande kibovu kikatwe kutoka kwa kizima, na kizima kiendelee kujaa.

Tukainama mezani, sisi watatu. Bwana Karim alipaka rangi. Njia zilikuwa tatu. Koki zikapatikana tatu, zote zafungika. Mpaka ulipita vizuri sana, katikati ya kile kichochoro cha Athmani, maana kichochoro chenyewe hakikuwa na paipu. Nyumba za mkono mmoja zilipata maji kutoka mtaa wa bahari, za mkono mwingine kutoka mtaa wa juu. Nyumba yake Athmani ilikuwa upande mbovu. Ya Fatuma ilikuwa upande mzima, na hilo lilimfurahisha sana babake, kwani Fatuma alikuwa amejifungua mtoto wa kiume na yu ndani ya arubaini yake ya uzazi.

Bwana Karim aliuliza swali alilokuwa akiliuliza kila mara. "Fundi, kuna nyumba yoyote inayopata maji pande zote mbili?"

Athmani alifumba macho. Nilijua anafanya nini: alikuwa anatembea, kichochoro kwa kichochoro, mlango kwa mlango, kama alivyoujua mji huo tangu utotoni. Alichukua muda wake. Kisha akafumbua.

"Hakuna."

Alisema kweli. Nataka mlijue hilo kabla hamjasonga mbele. Mtu huyo hakudanganya wala hakuzembea.

Koki tatu zikafungwa, moja moja, kama mlango wa chumba cha mtoto. Alizisikiliza zote tatu. Gari la kipaza sauti likapita: upande wa bahari msinywe, msioshee vyombo, maji mtaletewa, upande wa juu maji yenu ni salama. Baada ya siku chache upande wa bahari ulianza kutulia, nasi tukaanza kulala.

Halafu akaugua mtoto wa mpika mahamri. Upande wa juu. Kisha jirani yake. Kisha nyumba ya tatu. Halafu Athmani akaja kazini asubuhi bila kofia, jambo ambalo sikupata kuliona, akaniambia, "Esha, Fatuma yuwaumwa."

Ofisini siku hiyo palikuwa pabaya. Bwana Karim alisema polepole, "Maji hayaruki. Yakiwa yamevuka, basi pana ndia."

"Koki zangu zimefunga."

"Sisemi hazikufunga."

"Wasema nini basi? Nimezisikiliza kwa masikio haya! Mwanangu yuko kitandani, weye waniuliza koki?"

Wakatoka wote wawili kwenda kuzichimba koki zilezile, na Bwana Karim mwenyewe akishika koleo. Mimi nilibaki na ramani. Nilitia alama kila nyumba yenye mgonjwa upande wa juu. Alama zilikuwa chache lakini zilisongamana, na nyumba iliyokuwa katikati yao ilikuwa ya Fatuma, niliyoichora kwa mkono wangu. Nilikaa nikaitazama. Kisha nikachukua buibui langu msumarini, maana ramani ilikuwa imesimama mlangoni, na mimi peke yangu pale kazini ndiye niliyekuwa na ruhusa ya kupita mlango ule.

"Hodi! Hodi hapa!"

"Karibu. Nani?"

"Mimi Esha, wa ofisi ya maji."

"Pita mwanangu, huku juu."

Mwana Hidaya alikuwa ameketi kando ya kitanda cha binti yake, amembeba mjukuu. Fatuma alikuwa amegeuka rangi. Alinitambua, akajaribu kunisalimu, midomo ikakauka katikati ya neno, na mamake akamtilia maji kutoka kwenye mtungi. Niliona kikombe kikienda mdomoni mwake. Nikauliza kama naweza kunawa mikono.

"Mfereji huo hapo, nyuma ya pazia."

Nikafungua. Maji yakaja kwa nguvu. Nyinyi hamtaona ajabu, lakini mimi niliyachora maji ya mtaa ule. Ghorofani mchana yalikuwa yakifika kwa shida, yakidondoka kama machozi. Nikafuata paipu kwa macho. Ilikuwa mpya, nyembamba, imefungwa vizuri kwa vikuku vya chuma vilivyolingana, kazi ya fundi hasa. Ilipanda ukutani, ikapita juu ya kizingiti, ikaingia wikioni.

"Mwana, maji haya yatoka wapi?"

"Kwangu," akasema, na hata katika dhiki ile kulikuwa na fahari kidogo. "Kwenye tangi letu la juu. Babake aliyapitisha, mwanangu asihangaike na ngazi kwenye arubaini yake. Hata kuyaunga kayaunga na mfereji wao wa chini, wapate wote. Usiogope, haya ni ya kabla ya maradhi. Yalikuwa tangini."

Tangi hilo lilikuwa likijijaza lenyewe kila maji yalipokuja. Lilikuwa limejijaza maji machafu hadi saa ileile tulipofunga koki ya mwisho. Na kila maji ya mtaa wa juu yalipopungua nguvu, yale ya tangini yalikuwa yakishuka taratibu kwa ile paipu, yakapita nyumba ya Fatuma, yakatokea barabarani kwa majirani. Sisi tulitazama chini ya ardhi. Maji yalipita juu ya vichwa vyetu.

Nilimwambia Mwana Hidaya, "Mwana, tafadhali asinywe tena haya. Na nyinyi pia msinywe." Aliniangalia, akakitazama kikombe mkononi mwake, na sikuweza kungoja aelewe. Nilishuka ngazi.

Nilimkuta Athmani ndani ya shimo, ufunguo juu ya koki ya tatu, sikio kwenye chuma. Bwana Karim alikuwa amesimama kando yake ametapakaa udongo. Nilingoja amalize kusikiliza. Mnaweza kuuliza kwa nini nilingoja. Ni kwa sababu nilijua hiyo ndiyo dakika ya mwisho ya raha aliyobakiwa nayo.

"Imefunga," akasema.

"Fundi," nikasema. "Ile paipu ya wikioni."

Alinitazama kama mtu anayeulizwa jambo la kitoto. "Ile ya nyumbani? Ile si ya mtaa, mwanangu. Ile ni ndani ya nyumba. Nyumba ni mo..."

Hakumaliza. Alipanda kutoka shimoni bila kushika mkono wa mtu, akaacha ufunguo umesimama palepale, akaenda. Tulimfuata. Aliingia kwa mlango wake mwenyewe, akapanda ngazi zake, akaenda wikioni. Palikuwa na koki ndogo ya shaba pale paipu inapoanza kuvuka. Zile tatu za barabarani zilikuwa zimetaka wanaume wanne. Hii aliifunga kwa vidole viwili. Kisha akaomba msumeno, akaikata paipu pande zote mbili, akaketi chini katikati ya wikio na kile kipande mapajani mwake.

Baada ya hapo hakuna mtu mwingine wa upande wa juu aliyeugua. Mtoto wa mpika mahamri alipona. Fatuma alipelekwa hospitali, akarudishwa. Hakuimaliza arubaini yake. Nilikuwa miongoni mwa wanawake waliokwenda msibani, na maji ya kumwoshea yaliletwa kwa ndoo kutoka kisima cha msikiti, kwa sababu Mwana Hidaya hakutaka kuona tone la mfereji likimgusa mwanawe. Mtoto wake alisalimika. Alinyonyeshwa na shangazi yake.

Maneno yalisemwa mtaani, kama kawaida ya maneno. Wako waliosema fundi wa maji amemuua bintiye kwa maji. Nilikasirika wakati ule na hata sasa nakasirika. Baba alimtengenezea mwanawe mfereji ili asishuke ngazi na tumbo bichi la uzazi. Nani miongoni mwao asingefanya, laiti angekuwa na ujuzi? Bwana Karim ndiye aliyesema jambo la maana, siku moja tulipokuwa wawili ofisini na kile kiti cha tatu kitupu. Alisema, "Nilimuuliza habari za nyumba. Ningemuuliza habari za maji." Kisha akageuka dirishani. Hesabu yake ilikuwa sahihi, mwajua. Njia tatu, koki tatu. Nimeirudia mara nyingi na haina kosa. Ni hesabu ya ramani yangu, na ramani haikupata kuingia ndani. Tangu hapo aliniondoa mezani nusu ya siku, nikawa napiga hodi mitaani, na paipu nilizozikuta majikoni, kwenye kuta za jirani na jirani, ndugu na ndugu, mtu na somo yake, zilinijaza karatasi mpya nzima. Nyinyi pia, Nasra na wenzako, kabla hamjapaka rangi, pigeni hodi.

Matanga yalipokwisha Athmani alirudi kazini. Kofia ilikuwa safi. Aliwasalimu wote, akajibu rambirambi za kila mmoja, kisha akaja mezani kwangu akaomba karatasi ya mtaa wake. Nikaitandaza. Aliweka kidole kwenye vile vijumba viwili, na mimi nikaogopa atasema lile neno letu, kwa maana nisingelistahimili.

"Ziko mbili hizi," akasema.

"Ndiyo, Fundi."

"Ziache mbili. Na hapa kati uichore ile paipu."

"Fundi, umekwisha kuikata."

"Ichore."

Nikachovya kalamu. Niliichora kwa mstari wa nukta, toka kijumba hadi kijumba, juu ya kichochoro, naye akasimama hapo hadi wino ukakauka. Miaka yote niliyofanya kazi pale ramani ile ilirekebishwa mara nyingi, na wembe ulikuwa mkononi mwangu, na mstari ule sikuugusa.

Wikio liliwekewa ubao pande zote mbili, kisha likajengewa mawe. Asubuhi moja, nikielekea kazini, nilimwona Athmani akitoka kwa mlango wake na kifurushi cha kaimati mkononi, anakwenda kumwona mjukuu. Nyumba ile ya ng'ambo alikuwa ameiingia miaka yote kwa juu, bila kubisha, kama mtu anayetoka chumba kuingia chumba. Alivuka kichochoro kwa hatua mbili tu. Akasimama mbele ya mlango, akavua viatu, akakohoa, akapiga hodi, akangoja aitikiwe.